Siku Niliyomwambia Baba Yako Aende Genkuru

Nyamwaga, mchana

Mwanangu Bhoke,

Umetoka asubuhi kwenda Susuni kumuaga bibi yako, na najua hatakuacha uondoke kabla hujala. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimekaa kwenye benchi la jikoni, mlango wazi, ng'ombe wako malishoni pamoja na wa jirani. Begi lako liko pale ulipoliacha, limefungwa tangu juzi.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kuchemsha maji. Shangazi yako amekwisha kukuambia hayo mara tatu, na baridi ya Mbulu mimi siijui. Ninakuandikia jambo ambalo nimekaa nalo tangu kabla hujazaliwa, na ambalo siwezi kulisema ukiwa umekaa mbele yangu. Nimejaribu. Juzi tulipokuwa tunamenya ndizi nilifungua mdomo, ukauliza kuna nini, nikasema chumvi imeisha. Chumvi ilikuwepo. Ulinyanyua macho ukaiona juu ya kabati, ukaendelea kumenya.

Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Nitakuambia uifungue basi likishapita Mugumu na kuingia mbugani, mahali ambapo abiria haruhusiwi kushuka. Najua huo nao ni uoga. Uuweke pamoja na mengine utakayoyasoma.

Unajua kwamba aliyekuzaa ni mdogo wangu Mwita. Hilo hatukukuficha hata siku moja. Unajua alikuwa mkimbiaji, na unajua alikufa kwa kifua ukiwa na miaka minne. Usilolijua ni kwa nini alikwenda machimboni. Mtu yeyote hapa Nyamwaga atakuambia alikwenda kwa sababu vijana wote walikwenda. Hiyo ni kweli nusu, na nimeishi miaka yote hii ndani ya hiyo nusu.

Mimi na yeye tulianza kukimbia bila kujua kwamba kuna kitu kinaitwa mazoezi. Baba yetu alikuwa na shamba la mahindi huku juu na shamba la mihogo kule chini karibu na mto Mara, na kati ya hayo mawili ni mwendo wa saa tatu kwa mguu. Tulitumwa huku na huku, tukachoka kutembea, tukawa tunakimbia. Mwita alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitatu. Mpaka anafika miaka kumi na minne alikuwa nyuma yangu. Kisha siku moja akawa ubavuni. Mwaka uliofuata nikawa naona visigino vyake, na tangu hapo nilikuwa mtu wa kuona visigino.

Mjomba wetu wa ng'ambo ya Sirari alituletea viatu vya kukimbilia, jozi moja. Baba akanipa mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Vilinibana vidole, na vingemtosha Mwita sawasawa, lakini sikusema. Nilikimbia navyo nikiumia, na yeye akanipita miguu mitupu, akanisubiri juu ya kilima akicheka. Hakuwa anacheka kunidharau. Alicheka kwa sababu kukimbia kulimfurahisha. Mimi nilijua hivyo, na bado nilisikia kama ananicheka.

Huku kwetu, wewe mwenyewe unajua, mtu anayekimbia kabla jua halijatoka anadhaniwa kitu kimoja tu. Asubuhi moja tulipita nyuma ya boma la watu, mbwa wakabweka, mwanamke mmoja akapiga yowe kwamba ng'ombe wanachukuliwa. Wanaume wakatoka na pinde na mapanga. Mimi nilitaka kukimbia zaidi. Mwita akanishika mkono, akaketi katikati ya njia na kuinua mikono, akataja jina la baba yetu, akasema tunakimbia tu.

"Mnakimbia kwenda wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Hatuendi mahali. Tunakwenda halafu tunarudi."

Yule mzee akatutazama muda mrefu, kisha akawaambia wenzake kwamba afadhali wangekuwa wezi, maana mwizi ana sababu. Mama aliposikia akatuambia tuwe tunaimba nyimbo za kanisani tukiwa njiani, kwani mwizi haimbi. Ndivyo tukawa tunafanya. Wengine wakajiunga nasi, tukafikia vijana sita, tunashuka na kupanda milima hii huku tunaimba, na watu wakawa wanafungua milango wakitusikia, kama vile sisi ndio jogoo. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko zile, na wakati ule nilikuwa nazipoteza kwa kuhesabu ni mara ngapi mdogo wangu amenishinda.

Kila kiangazi kulikuwa na mbio za kutoka mpakani Sirari mpaka uwanjani Tarime mjini. Walioshiriki hawakuwa wanariadha wa kulipwa. Walikuwa wakulima, walimu, makonda, askari mmoja au wawili, na Wakenya waliovuka asubuhi ile ile. Mara yetu ya kwanza Mwita alishika nafasi ya pili. Aliyemshinda alikuwa Mkenya mmoja mrefu, fundi baiskeli, mtu mpole. Mimi nilikuwa wa saba. Njiani kurudi nyumbani watu walimbeba Mwita mabegani, na mimi nilibeba shati lake.

Mwaka wa pili Mwita alijiandaa kwa namna ambayo sijaona mtu akijiandaa. Alikuwa anapanda mlima wa nyuma ya kanisa mara nane, anashuka, anakunywa uji wa ulezi, anakwenda shambani. Alikuwa na miaka ishirini. Ilibaki miezi mitatu tu. Hapo ndipo rashi ya dhahabu ilipoingia.

Dhahabu ilikuwepo siku zote kule chini, watu walikuwa wanachimba kidogo kidogo. Lakini mwaka ule habari zilienea kwamba kuna mtu amepata jiwe Genkuru, na baada ya wiki mbili njia ya kwenda kule ilikuwa kama njia ya kwenda gulioni. Watu walitoka Mwanza, walitoka Kisii, walitoka mahali ambapo hatukujua lugha yao. Shule zilibaki na wasichana. Kwaya yetu ya wanaume ikakosa sauti ya nne. Katika wale sita wetu, watatu waliondoka siku moja, na wa nne akaondoka Jumatatu iliyofuata. Tukabaki mimi na Mwita, tunaimba wawili.

Jioni moja tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe kule bondeni. Mwita akasimama, akaweka panga chini.

"Kaka, wananiita Genkuru. Wamepata duara la kuchimba, wanataka mtu mwenye pumzi. Lakini mbio ziko karibu. Unasemaje?"

Bhoke, nimerudi mahali pale mara nyingi kuliko mahali pengine popote maishani mwangu. Naweza kukuonyesha jiwe alilokanyaga. Nilijua anachotaka. Alitaka nimwambie abaki. Hakuna mtu anayeuliza namna ile, akitaja mbio mwishoni, kama moyo wake umeshaondoka. Alitaka mkubwa wake amwambie kwamba mbio zile zina maana, kwamba asubiri miezi mitatu, dhahabu haitaisha. Neno moja langu lingetosha.

Nami nikafikiri jambo moja. Nilifikiri: akienda, nitakuwa mbele.

Nikaendelea kukata majani. Nikamwambia, "Nenda. Mbio hazijengi nyumba."

Akasema sawa. Asubuhi iliyofuata akaniachia shati lake la kukimbilia, akaenda.

Siku zilizofuata nilikimbia peke yangu. Ilinibidi niimbe peke yangu pia, kwa sababu ya wale watu wa mapanga. Jaribu kufikiri, mwanamume mzima anapita gizani akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya tatu, na hakuna anayeshika ya kwanza. Watu waliacha kufungua milango. Mama yetu aliniambia kwamba akinisikia ninakuja anajifunika shuka kichwani.

Siku ya mbio ilifika na mimi nikawa wa tatu. Nilipewa redio. Nilisimama uwanjani nimeishika, na kila aliyenijia aliuliza Mwita yuko wapi. Yule Mkenya fundi baiskeli, aliyeshinda tena, alinipa mkono akatazama nyuma yangu kana kwamba nimeficha mtu.

"Ndugu yako wa miguu tupu ako wapi?" akauliza. "Mwaka mzima nimefanya zoezi nikifikiria yeye."

Nikamwambia amekwenda kuchimba. Akatikisa kichwa, akasema pole, kama vile nimemwambia habari ya msiba. Redio ile ndiyo iliyokuwa pale dirishani mpaka ulipokuwa darasa la tatu. Uliwahi kuniuliza kwa nini siiwashi. Nilikujibu kwamba imeharibika.

Sasa sikiliza jinsi kosa linavyoweza kuvaa nguo nzuri. Mwita alipata. Mwaka wa kwanza tu alipata, akanunua ng'ombe, akamuoa mama yako, akaezeka nyumba ya baba yetu kwa bati. Watu wakawa wananipongeza mimi. Baba aliwaambia wageni mbele yangu kwamba ni Marwa aliyemshauri mdogo wake aache mchezo. Wakanipa kiti. Nikakaa.

Nilikuwa nimefanya njia ya Genkuru kuwa njia yangu ya mazoezi marefu, kwenda na kurudi. Siku moja nikamtafuta. Nilimkuta kwenye kibanda cha majani kilichozibwa pande zote ili wapita njia wasione mawe. Ndani walikuwa wanaponda mawe kwa vyuma, wanayasaga mpaka yawe unga. Vumbi lilikuwa limejaa mle kama moshi wa kuni mbichi. Mtu mmoja akainuka kutoka ndani, mweupe kuanzia nywele mpaka kucha, macho tu ndiyo mekundu, na nilichelewa kujua kwamba ni yeye. Nilitaka kuingia nimsalimie. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Kaa huko huko nje, Kaka. Wewe unakimbia. Usivute hii."

Nikasimama nje. Nikakubali kwamba kifua changu kinastahili kulindwa, na chake kibaki mle. Tukaongea kidogo kupitia mlangoni, habari za baba, habari za ndama. Aliniuliza napanda mlima mara ngapi. Nikamwambia sita. Akasema ongeza. Kisha nikageuka, nikakimbia kurudi nyumbani, na sikumwambia arudi. Lile la kwanza, la bondeni, lilikuwa neno baya. Hili la pili halikuwa hata neno.

Baada ya miaka minne alirudi mwenyewe. Wewe ulikuwa umeshazaliwa, unatambaa. Alikuwa anapumzika mara mbili kati ya barabarani na nyumbani, mahali ambapo zamani alipita mbio akiwa na gunia begani. Daktari wa mjini alimpiga picha, akasema ni vumbi, limeshika mapafuni na halitoki. Alipewa dawa za kikohozi.

Ungetegemea mtu kama huyo asipende kuniona nikikimbia. Yeye aliomba apelekewe kiti pale barabara inapokata kona, akawa anakaa pale asubuhi akiwa na wewe magotini, anangoja nipite. Nikipita anasema mkono wa kulia unapanda sana. Nikirudi anasema umekaza shingo. Mengi ninayojua kuhusu kukimbia, ambayo nilikufundisha mwaka jana kana kwamba ni yangu, yalitoka pale kwenye kona, yakisemwa vipande vipande na mtu aliyekuwa anatafuta hewa. Nilipokuwa namfuata nyuma zamani nilikuwa mkimbiaji wa kawaida. Yeye alipokaa kitini ndipo nilipokuwa mzuri.

Mwaka ule akasema atakwenda Tarime kuniona. Mama yako alikataa, mama yetu alikataa. Akasema basi hatakunywa dawa. Tukatafuta gari la mtu, likawashusha wewe na yeye kwenye ule mwinuko wa mwisho kabla ya kuingia mjini, na mimi nikaendelea Sirari.

Mbio zile nilizikimbia vizuri. Nilipofika chini ya mwinuko nilikuwa na yule Mkenya, bega kwa bega. Alikuwa amezeeka kidogo na mimi nilikuwa na nguvu, na nilijua kwamba namuweza. Nikamwona Mwita amesimama kando ya barabara amekubeba. Tulipomkaribia, akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaanza kukimbia. Alikimbia kando yangu, wewe umemshika shingo, hatua tano, sita, saba. Alikuwa anacheka, Bhoke. Aliniambia neno ambalo sikulisikia. Halafu nikasikia kikohozi, kisha sauti ya mtu kuanguka kwenye changarawe, kisha wewe ukilia.

Niligeuza kichwa. Nilimwona amepiga magoti, amekuinua juu kwa mikono miwili usiguse chini. Nikaona watu wanakuja kwa mbio kutoka ng'ambo ya barabara. Na mimi nikarudisha uso mbele, nikaendelea.

Nikawa wa pili. Sikusubiri kuandikwa jina, nikageuka kurudi kwenye ule mwinuko nilikotoka, napishana na wenzangu wanaoingia. Niliwakuta chini ya kivuli cha duka, mama mmoja asiyetujua amekubeba mgongoni kwa kanga, mwingine anampa Mwita maji. Magoti yake yalikuwa yanatoka damu. Nikachuchumaa mbele yake.

"Umekuwa wa ngapi?" akauliza.

"Wa pili."

Akavuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuongea tena. "Uligeuka. Uliponipita uligeuka kutazama. Ndipo yule Mkenya alipokuacha."

Alisema kama mwalimu anayesahihisha. Nimekaa na sentensi ile muda mrefu. Kwake yeye kosa langu la siku ile lilikuwa kugeuka. Kwangu mimi, kule kugeuka ndiyo sehemu pekee ya mbio zile ambayo siionei aibu, na bado ninaionea aibu, kwa sababu niligeuka, nikaona, nikaendelea.

Sikukimbia mbio nyingine tena. Watu walidhani ni umri.

Mwezi mmoja kabla hajafa nilimwambia. Nilikuwa namgeuza kitandani, na kwa kuwa uso wake ulikuwa upande wa ukuta nilipata nguvu. Nikamwambia kuhusu siku ile ya majani ya ng'ombe, kwamba nilimwambia aende kwa sababu nilitaka kuwa mbele.

"Nilijua," akasema. "Ungekuwa unanishauri ungenitazama."

"Kwa nini ulikwenda?"

"Nilitaka kwenda. Nilitaka kubaki na nilitaka kwenda, yote. Nilikwenda kwa miguu yangu, Kaka. Umenichukulia viatu, usinichukulie na hilo."

Nilicheka na kulia. Yeye alicheka tu, na ikamgharimu. Baadaye aliniambia maneno machache juu yako. Aliona unavyopenda kusimama barabarani mtu akipita. Akasema mtoto akipenda kukimbia nimwache akimbie. Nikaahidi. Nilimshika mkono nikaahidi.

Mama yako alikaa nasi mwaka mmoja baada ya msiba, kisha akarudi kwao Susuni, na alipoolewa ng'ambo ya mpaka wazee wakakubaliana ubaki kwenye boma la baba yako. Mke wangu Nyangi alikuchukua kama jibu la maombi, maana sisi hatukujaliwa. Hayo unayajua.

Sasa nakuambia jingine usilolijua. Ulipokuwa darasa la sita ulichaguliwa kwenda mashindano ya shule, mbio ndefu. Siku mbili kabla, mwalimu akakuita akakuambia nafasi imepewa mwingine. Ulilala siku nzima umeelekea ukuta. Bhoke, ni mimi niliyekwenda kwa yule mwalimu. Nilimwambia una kifua, cha kurithi kwa baba yako. Kilichomuua baba yako hakirithiwi, ni vumbi la mawe, na mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote. Nilimtumia marehemu kudanganya, ili nisikuone ukishuka ule mlima ukiwa na magoti yake na mikono yake. Kila ulipokimbia kutoka kisimani nilimwona yeye anaanza upya, na mimi nikiwa bado pale pale bondeni na panga.

Mwalimu yule usimchukie. Aliniamini.

Ukakimbia hivyo hivyo. Mama yako Nyangi alijua, mimi sikujua. Alikuwa anakutuma mbali makusudi, kwenda kununua vitu ambavyo vingeweza kupatikana hapa hapa. Alipokuwa mgonjwa, wiki zile za mwisho, aliniita akasema, "Mtoto anakimbia. Ukimzuia tena nitamwambia mwenyewe, na sina muda mrefu, kwa hiyo nitamwambia kesho." Ndipo nilipokutafutia viatu Sirari, nikavipima kwa kamba niliyoilaza kwenye nyayo zako umelala. Ndipo nilipoanza kukaa kwenye kona. Ulidhani nimekubali kwa sababu mama amekufa na mimi nimelainika. Nilikubali kwa sababu nilitishwa na mwanamke aliyekuwa hawezi kuinua kikombe.

Sina mengi ya kukufundisha kuhusu huko uendako. Mwalimu wa kambi ya wakimbiaji amekuona mbio za mkoa, akakupenda, atajua la kukufanyia. Lakini mtakuwa wasichana wengi mahali pamoja, na mmoja wao atakuwa bora kuliko wewe, au utakuwa bora kuliko mmoja wao, na mtalala vyumba vya karibu. Asubuhi fulani mmoja atakaa kitandani aseme labda arudi nyumbani, labda aolewe, labda aende kutafuta kazi, na atakuuliza unasemaje. Sikuambii umjibu nini. Acha tu unachofanya kwa mikono, umtazame, ndipo ujibu.

Utakuwa mpweke pia, siku za kwanza. Mimi niliwahi kudhani kwamba kuwa mbele ni kuwa na watu, na nilipofika huko nikakuta barabara tupu. Usiogope upweke wa namna hiyo, unapita ukianza kujua majina ya wenzako. Ule mwingine, wa mtu aliyejibakiza peke yake kwa hila, huo ndio sijui dawa yake.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi. Ng'ombe wanahitaji kukamuliwa nikiwa na furaha au sina. Jumapili nitasoma somo kanisani kama kawaida. Nyumba itakuwa kimya na sitakudanganya kwamba nimezoea. Jana nilipakua ugali wa watu wawili nikafikiri, kesho kutwa mkono huu utapakua hivi hivi.

Kesho nitakupeleka mpaka Mugumu. Nitasimama chini ya dirisha lako mpaka basi liondoke, na utaniona mtu wa kawaida tu, nakuuliza kama una maji. Baada ya saa moja au mbili utakuwa umeshajua.

Sitakupigia simu mimi kwanza. Hiyo ni juu yako, na kama itachukua mwaka, ichukue. Mimi ni ndugu mkubwa wa baba yako, na ukipiga ukaniita Baba Mkubwa utakuwa umesema kweli, nami nitaitika bila kuuliza kitu. Ukiniita Tata, baba kwa lugha yetu, kama ulivyoanza mwenyewe ukiwa na miaka minne, siku ya tatu baada ya mazishi, bila mtu kukufundisha, nitaitika vile vile. Siku ile ulipolitamka jina hilo nilitazama nyuma yangu, nikidhani unamwita yeye.

Marwa